Mugeni Wangu Hakuli Sombe

Sijaambia mutu hata mumoja: naandika kisa cha mapendo mu telefone yangu, kwa siri. Binti wa Bunia na kijana wa sayari ingine.

Leo nilikuwa najisomea kwa sauti pale wanaagana, nikifikiri niko peke yangu.

« Mugeni wangu, usirudie kwenu! »

Mama akaingia.
« Mugeni gani? Umemupa chakula? »

Mungu wangu. Nikamueleza yote.

« Mama, yeye hakuli. Anakunywa mwangaza wa jua. »
« Hata sombe, majani ya muhogo? Sasa shangazi zako watamupokea na nini? »

Akatoka akicheka. Nikaona haya, nikataka kufuta kisa chote.

Lakini kandambili zake zinarudi. Anauliza akiwa bado inje ya mulango:
« Weye! Aliondoka ao alibakia? »

Miye pia sijui. Muniambie nimujibu nini, mbio, maana yuko mulangoni, na telefone sifichi tena.