Mjane wa Hondohondo

Sundi, siku tatu sasa unanisumbua na swali hilo moja, mpaka umeniletea daftari na kalamu kana kwamba mimi ni karani wa kijiji. Kwa nini bibi yako Limi ananiita Hondohondo? Ungemwuliza mwenyewe, ulimi anao. Ila najua angesimulia vizuri kuliko mimi, na kwa ubaya zaidi, kwa hiyo acha niandike.

Nilipokuwa mtoto huko kwetu upande wa Mwandoya, kazi yangu ilikuwa kuamia ndege kwenye mtama. Unapanda dungu kukipambazuka, una kombeo na mabonge ya udongo, unarusha na kupiga kelele mpaka jua lizame. Pembeni ya shamba palikuwa na mkwaju wenye tundu, na humo hondohondo alikuwa amemfungia mkewe. Ndivyo walivyo ndege hao. Jike akitaka kutaga anaingia tunduni, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo tu. Dume ndiye anayemlisha. Bibi yetu mzaa baba alikuwa akituambia: ukimwua dume, umerithi nyumba yake. Usipomlisha mjane, mwenye mimba wa kwenu atafungiwa na mtoto vilevile.

Sikumsikiliza. Bibi alikuwa na onyo la kila kitu, hata la kukalia kinu.

Kaka yangu alikuwa ameoa huyu Limi, mtoto wa wavuvi wa Lamadi. Mama hakumpenda. Alisema ananuka dagaa na jembe analishika kama kasia. Mimi nilimchukia kwa sababu yangu mwenyewe. Siku moja aliniletea michembe ya viazi vikavu shambani, akanikuta nimelala juu ya dungu, kwelea kwelea wamejaa upande mzima. Akawafukuza, halafu akaenda nyumbani akasema. Mama alinichapa kwa fimbo ya ng'ombe.

Kesho yake nilikuwa bado siwezi kukaa vizuri. Hondohondo dume akatua tawini na panzi mdomoni. Yule hali hata mtama. Nilimpiga kwa sababu alikuwepo. Bonge moja la kichwa, akaanguka na panzi wake.

Jioni mama akamkuta chini ya mkwaju, akamleta nyumbani amemning'iniza kwa mguu, akauliza ni nani aliyemwua. Nikasema, "Limi."

Limi alikuwa na mimba kubwa. "Mimi?" akamgeukia mama. "Mayu, mimi ndege wa nini?"

"Wa kutuzika," mama akajibu. "Kesho utaanza kumlisha mjane wako."

Bibi alikuwa anapepeta. Aliangalia kombeo langu, akaendelea kupepeta.

Basi kila asubuhi Limi akawa anakuja, tumbo mbele. Kuinama hawezi, kwa hiyo alipiga magoti kwenye nyasi kukamata panzi. Anapenyeza panzi kwenye ufa, mdomo unatoka, unanyakua. Mimi niko juu namtazama. Mara moja aliinua kichwa. "Shuka basi, uniambie uliona nini."

Nikawarushia bonge kwelea kwelea ambao hawakuwepo.

Uchungu ulimshika asubuhi. Kesho yake mchana, mtoto bado. Siku hizo mwanamke akikwama alibanwa aungame, na nje tulimsikia mama vizuri kabisa. "Sema ulimwua, mtoto apite."

"Sikumwua. Nitasemaje?"

"Basi kufa na kiburi chako."

Bibi akanikuta nimejibanza nyuma ya kihenge. Hakunipiga. "Mtoto wa wavuvi," akasema, "kombeo alifundishwa na samaki gani?"

"Kumbe ulijua?"

"Nilikuwa nangoja mdomo wako. Naona nao umezibwa."

Nikaingia ndani. Nikasema ni mimi. Mama akainua mkono, lakini Limi akamzuia kwa sauti iliyokwisha. "Mwache. Rudia." Nikarudia. "Tena." Nikasema mara ya tatu, wanawake wote wakinitazama.

Mtoto alitoka kabla jua halijazama. Ndiye baba yako, Sundi. Usiende kusema maneno yangu ndiyo yaliyomtoa. Nimezaa na nimezalisha, mimba ya kwanza huchelewa. Lakini sijamrushia hondohondo kitu tena mpaka leo, na kati ya akili yangu na bibi sitaki kujua nani alikuwa mwongo.

Mjane nikamlisha mimi. Panzi, mende, matunda ya porini, kila siku. Shukrani yake ilikuwa kuniuma. Hili kovu la kidoleni ni lake. Asubuhi moja nikakuta udongo umevunjwa, tundu tupu. Nikakimbia kumwambia Limi kwamba imekwisha.

Alikuwa ananyonyesha. Hakuinua macho. "Kwake imekwisha," akasema.

Niliona ni maneno ya mtu mwenye kinyongo, atanifanya nini. Miaka ikapita, kaka akafa, Limi akapigwa na kiharusi, mikono yote ikalegea. Baba yako akamleta kwangu hapa Bariadi, eti ninyi mna kazi za ofisi. Ningeweza kukataa. Wifi si mama.

Sasa kila asubuhi nachemsha uji, nakaa ukingoni mwa kitanda chake.

"Hondohondo, leo umeleta nini?"

"Uji."

"Na jana uji."

Juzi nilichoka. Nikamwambia, wifi, tumezeeka, meno yametutoka, hii habari si imekwisha? Akanitazama kama alivyonitazama nilipokuwa juu ya dungu. Kisha akafungua mdomo, akangoja.

Nikachota kijiko kingine.