Mwizi wa Uji

Enzi za Mdachi, mtu wa milimani aliyeweza kusoma, kuandika na kumjibu Mzungu kwa Kijerumani alikuwa mtu wa kuhesabiwa. Mimi nilikuwa mmoja wao, na hakuna aliyenishika mkono. Niliteremka kutoka Kinole peku, nikarudi kutoka shule ya pwani na cheti chenye muhuri, nikawa karani wa stesheni ya Morogoro. Kwa hiyo niliposikia kwamba dada yangu, ambaye hakuwa na mvi hata moja, amesahau majina ya wanawe, sikwenda kwa mganga. Nilijiuliza nani anafaidika.

Kwetu shamba hufuata upande wa mama. Migomba ilikuwa ya dada na ukoo wetu. Shemeji alikuwa mtu wa kuja. Mke akifa, angeondoka na mkeka wake. Mke akipumbaa, angetawala yeye. Nikapanda mlima kumchukua dada, akae kwangu mjini, karibu na daktari wa boma.

Nilimkuta shemeji jikoni anakoroga uji, mwanamume mzima, na mkewe amekaa uani. Akamimina kitu cheusi kutoka kwenye kibuyu.

"Nini hicho?"

"Asali, shemeji. Bila asali anautema."

"Basi nitaanza mimi."

Nikanywa karibu nusu bakuli. Ilikuwa asali. Lakini mwerevu hatii sumu siku mgeni anapofika.

Nikatoka uani. "Shikamoo, dada."

"Marahaba," aliitika vizuri, kisha akatazama viatu vyangu. "Umetumwa na nani?"

Hapo akaingia bibi mmoja wa ukoo wa watani wetu, kungwi wa wasichana wa pale. Hakupiga hodi. Alichukua jembe la dada. "Nalichukua, mvivu wewe. Hujui hata linashikwa wapi."

Nikasimama kumzuia. Dada akacheka. "Lichukue, miguu ya bata. Kwenu mnalima kwa kucha."

Ilikuwa sauti yake ya zamani, kavu na ya haraka.

"Kaa chini, karani," bibi akaniambia. "Ukimuuliza kama anakujua, anaogopa. Ukimtukana, anajibu. Utani haujamtoka. Na jembe likienda, analifuata, analima katikati yetu badala ya kupotelea bondeni."

Hayo alikuwa amewafundisha wanawali wake ndani, na mama zao mtoni: asiulizwe jina la mtu, asibishiwe, na atakayemkuta njiani peke yake ageuze safari, amrudishe kwa matusi.

Sikuridhika. Kijiji kizima kikikubaliana jambo, mimi huuliza wamekubaliana nini. Asubuhi nilijificha migombani. Dada alitoka, akashika njia ya bondeni. Mwanamke wa watani wetu aliyekuwa akipanda mlima na mzigo wa ndizi akamtukania mashavu yake, akamtukania na mama mkwe wake, na wakarudi wote wawili wakicheka mpaka mlangoni.

"Huko mjini," shemeji aliniuliza nilipofunga mzigo wa dada, "akitoka nje, nani atamtukana?"

Niliwafikiria majirani zangu wa stesheni: makarani wenzangu, askari, Wahindi wa duka. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mtani wetu. Na mimi ni nduguye wa tumbo moja. Baina yetu kuna heshima tu, na heshima ilikuwa imeshafutika kichwani mwake pamoja na sura yangu.

Nikafungua mzigo. Nikamwachia shemeji sharti moja: kila nitakapokuja, nitaonja uji wa dada kabla yake, na sitatoa habari ya siku nitakayofika. Alikubali. Kukubali upesi namna ile nako hakukunipendeza.

Nilikuja hivyo kila nilipopata ruhusa. Siku moja baada ya masika nilisimama mlangoni, viatu vimejaa tope. Dada akainua macho, akafunika bakuli kwa mikono yote miwili.

"Mwizi wa uji kaja," akasema. "Ficheni vijiko."

Bibi wa utani alicheka mpaka akashika ukuta. Shemeji akajaza mabakuli mawili, akaniwekea langu mbele yangu.

Nilianza na la dada.