Picha ya Nyamuswa

Mwenyekiti wa klabu yetu ya kujitolea alitaka kila mwanachama alete rafiki. Wangu alikuwa anakaanga samaki wa sato na kuwauza pale Nyasho, jirani na nilipopanga. Tulisoma pamoja shule ya msingi Butiama. Mimi nikaenda ualimu, yeye akaolewa, akaachika, akaja Musoma mjini na binti yake. Nilimweleza kwamba Jumamosi tunafagia zahanati, tunapanda miti, tunakarabati nyumba za wazee.

"Watu kama mimi wanakubaliwaga?" akaniuliza.

"Kwani wewe una nini?"

"Nanuka samaki," akasema, akacheka.

Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Fulana ya bluu ya klabu aliifua na kuipiga pasi kabla hajaivaa hata mara moja.

Safari yake ya kwanza tulienda Nyamuswa, kukandika nyumba ya bibi mjane ambaye mvua ilikuwa imembomolea ukuta wa nyuma. Rafiki yangu alivua viatu, akaingia kwenye tope, akaanza kukanyaga udongo huku akiimba nyimbo za kwaya. Vijana wakaingia nyuma yake wakiitikia. Mchana ukuta ulikuwa umekamilika.

Kisha ikaja picha. Mwenyekiti, mama wa ofisini mwenye sauti laini, alikuwa amebeba mablanketi ya kugawa. Alimkalisha bibi kwenye mkeka, akarudi nyuma na simu yake, hakuridhika. Bibi peke yake alikuwa anaonekana mdogo. Mwenyekiti akatutazama mmoja mmoja, macho yakatua kwa rafiki yangu.

"Wewe dada, vua fulana kidogo. Kaa hapo na bibi."

"Mimi?"

"Ndiyo. Tunahitaji wahitaji zaidi, picha ijae. Umeshapakaa tope, unafaa."

Nikasema, "Mama mwenyekiti, huyu ni mwanachama. Nimemleta mimi."

"Najua, mwalimu. Ni picha tu. Au hataki kuisaidia klabu?"

Watu walikuwa wanasubiri. Wengine walicheka. Rafiki yangu akavua fulana. Ndani alikuwa na blauzi iliyochanika begani. Akakaa.

"Nyosha mikono," mwenyekiti akamwelekeza. "Usitabasamu. Mtu anayepokea msaada hatabasamugi hivyo."

Bibi akamshika mkono, akamuuliza kwa kilugha chao, ambacho na sisi wa Butiama tunakisikia, "Na wewe umefiwa?"

"Hapana, mama," akajibu. Mtu akamwekea blanketi mapajani. Baada ya picha wakamnyang'anya, kwa sababu lilikuwa la mtu mwingine.

Jioni picha ilikuwa kwenye simu za watu, imeandikwa: Vijana wa Musoma, Bunda na Butiama, karibuni mjiunge nasi tuwafikie wasiojiweza. Wateja wake wakaanza kumuuliza kama siku hizi anaomba. Shuleni, binti yake akapewa jina la Blanketi.

Nilimfuata mwenyekiti ofisini kwake, nikamwomba aifute.

"Mwalimu, picha ile imetuletea vijana kuliko mikutano yote. Nikiifuta nitaweka nini?"

Nikaweka fulana yangu mezani. Akaikunja vizuri. "Ataivaa mwingine," akasema, akaendelea na kazi zake.

Jumamosi moja nilikuwa nimesimama penye karai la rafiki yangu wakati kundi la vijana wapya lilipotokea na mafagio na sabuni. Walikuwa wameiona ile picha, mtu akawaelekeza kwake. Walikuwa na furaha kweli.

Rafiki yangu aliepua karai, akavuta kigoda, akakaa.

"Mmekuja kunisaidia?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, fagieni."

Wakafagia uwanja ambao yeye mwenyewe aliufagia alfajiri. "Rudieni." Wakarudia. Akawatolea masufuria yenye masizi ya miaka, akawanyima steelwire ya kusugulia, akasema watumie mchanga. Msichana mmoja mwembamba alichubuka vidole, akaanza kulia kimyakimya huku anasugua.

"Bado jeusi hilo," rafiki yangu akamwambia.

"Basi, waache," nikasema. "Hawa ni watoto, hawajui kitu."

"Na mimi nilikuwa najua nini uliponipeleka?"

Hakuwaruhusu kuondoka mpaka masufuria yalipong'aa. Hakuwashukuru. Msichana yule alipopita mbele yangu alikuwa ameficha mikono kwapani.

Baadaye rafiki yangu alihamia Bunda, akapata kibanda Kabasa, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Nilipomtembelea alinipa kiti kizuri, akanichemshia chai, akaniita mwalimu toka mwanzo mpaka mwisho, yeye ambaye tangu utotoni alikuwa ananiita wewe. Aliuliza habari za shule, za mvua, za afya yangu. Binti yake alinisalimia, akaingia ndani, hakutoka tena.

Chai ilipoisha alinisindikiza mpaka kwenye bodaboda, akanitakia safari njema.

"Usijisumbue kuja tena," akasema, akageuka kurudi kwa wateja wake.