Maji ya Kumkandia Nasra

Somoe ni jirani yangu, na kwa upande wa mama ni dada yangu, kwa hiyo nina haki ya kumsema. Mwanamke huyu alikuwa anaoga kwa kopo moja. Nimesema kopo, sijasema ndoo. Uso, kwapa, miguu, na yanayodondoka anayakinga kwenye beseni akamwagilie mchicha. Msimcheke. Sote tuliozaliwa kijijini kwetu, mbele kidogo ya Madimba, tulilelewa hivyo. Mto Ruvuma tunaujua tangu utoto, hata mamba wake tunawajua, lakini maji yake yalikuwa kule bondeni na sisi huku juu. Tulikunywa mvua tuliyoikinga kwa bati, na ikiisha, tulishuka na ndoo.

Somoe alipomzaa Nasra, mwanawe wa pekee, kiangazi kilikuwa kimekausha matangi yote. Kwetu mzazi hukandwa kwa maji ya moto kila asubuhi mpaka arobaini itimie, mwili urudi mahali pake. Mama yake alimkanda wiki ya kwanza, maji yakaisha, akawa anashuka bondeni mpaka magoti yakagoma. Ikawa basi. Somoe aliinuka na kiuno kibovu kinachomsumbua hadi leo akipalilia mihogo. Hakumlaumu mtu, ila aliapa kwamba Nasra akizaa, atamkanda yeye, kwa mikono yake, nyumbani kwake, siku zote mpaka arobaini.

Nasra ameolewa Mikindani. Mwaka huu akapata mimba ya kwanza, tukashangilia, kisha mama mkwe wake, Bi Saida, akapiga simu kusema mwali hatoki kuja kujifungulia kwa mama yake.

"Huku kwetu maji ya mradi yameshafika," alisema, na sauti yake ilivyo kubwa niliisikia nikiwa nimekaa mkekani. "Nafungua koki humuhumu uani. Wewe mkwe wangu utamkanda mwanetu kwa nini, kwa umande?"

Somoe alikata simu akalia. Kwa ajili ya kiuno sijawahi kumwona akilia, lakini siku ile alilia.

Na Bi Saida hakuwa muongo. Bomba kubwa lilikuwa limetolewa Ruvuma hadi mjini, na watu wa kule Likombe mjini waliozoea kununua maji ya mkokoteni sasa walikuwa wanafyatua matofali uani kwao. Sisi wa vijiji vya njiani zamu yetu ilikuwa inakuja. Mitaro ilichimbwa, mabomba yakafukiwa, kilula chetu cha kuchotea maji kikajengwa karibu na uwanja wa mpira, kikabaki kikavu. Somoe alikwenda kukipapasa kila asubuhi utadhani ng'ombe wake. Mwisho akajikaza akampigia Bi Saida.

"Kikifunguliwa kabla hajajifungua, utaniletea mwanangu?"

"Nitamleta mwenyewe, nione kwa macho yangu. Maji yakiwa safi, atabaki. Yakiwa machafu, narudi naye."

Basi siku ikafika! Lukasi, fundi wa maji, kijana mpole wa kutoka Njombe, alitangaza kwamba maji yanafunguliwa asubuhi ile. Somoe akapiga simu Mikindani, wakasema wanaondoka. Kijiji kizima kilijaa kwenye kilula, hata waliogombana msimu wa korosho walisimama bega kwa bega.

"Mama zangu, nisikilizeni," Lukasi alisema. "Ya kwanza yatatoka na udongo, yanaosha bomba. Msiyakinge. Acheni yamwagike mpaka yatakate."

"Sawa, fundi!" tuliitikia wote.

Koki ilikohoa, ikatema upepo, kisha yakaja. Maji! Rangi ya chai ya maziwa, lakini maji, yanatoka kwa nguvu, yanapiga sementi na kuanza kukimbilia barabarani. Yanamwagika. Yanapotea. Tulitazama kwa muda wa kumeza mate tu, kisha Somoe akapiga kelele, "Tatu, lete ndoo!" Nikaleta. Na wengine wakaleta. Lukasi alipunga mikono, lakini nani alimsikia kwa vigelegele vile? Tulijaza ndoo, madumu, masufuria, mitungi, na pipa la Somoe hadi mdomoni. Jirani yetu Mwanaidi alijaza kinu chake cha kutwangia. Tulicheza ngoma tumelowa chapachapa, na maji yalipotakata, meupe kabisa, hakikuwepo chombo kitupu kijiji kizima.

Bajaji ikaingia. Bi Saida alishuka na miwani yake, nyuma yake Nasra na tumbo lake, akaenda moja kwa moja uani kwa Somoe akafunua pipa.

"Mkwe wangu, ndiyo haya?"

Alirudisha kifuniko taratibu. "Nasra, panda bajaji."

"Safi yapo, yanatoka sasa hivi!" Lukasi alisema akihema, amekuja mbio kutoka kwenye kilula. "Mwageni hayo mkakinge mengine!"

Kumwaga maji. Kwetu sisi! Wanawake walishika ndoo zao wasinyang'anywe, na mimi nilikuwa mmoja wao, sifichi. Somoe alimtazama binti yake, akatazama pipa. Akafumba macho, akaweka bega, akasukuma. Pipa zima lilianguka likatiririka uani, chini ya mbuzi, mpaka kwenye mikorosho. Kisha Somoe akachukua ndoo, akakimbia, na kiuno kile kile, akarudi amejitwisha.

Bi Saida alivua miwani. Akachungulia, akachota kwa kiganja, akanywa.

"Dereva," alisema, "shusha begi."

"Kumbe ulikuja na begi?" Somoe aliuliza.

"Ulidhani nimekula vumbi lote hilo nije kukataa tu?"

Nasra alijifungua salama kwenye zahanati yetu, ambako zamani mwenye uchungu alikwenda na ndoo yake kichwani, na sasa nesi ananawa kwenye sinki. Mtoto wa kike, ana mapafu ya bibi yake wa Mikindani.

Asubuhi ya kwanza ya kukandwa nilikuwepo. Sufuria kubwa lilichemka, kitambaa kikachovywa, na Nasra akapiga mayowe kwamba anaunguzwa. "Tulia," Somoe alimwambia, akimkanda kiuno huku machozi yakimtiririka, "tulia, yapo mengi." Alimkanda mpaka akaridhika, na bado ilibaki ndoo nzima ya maji ya vuguvugu.

Nilimwona akiangalia mchicha. Kisha akabeba ndoo akaenda nayo bafuni nyuma ya nyumba. Tukasikia maji yakimwagika kwa kishindo, na kicheko.

"Mama, vipi huko?" Nasra aliita.

"Naoga!"