Uji wa Mzazi Asiyekuwepo

Harufu ya pilipili manga ndiyo iliyonirudisha utotoni, nikiwa nimesimama jikoni kwetu Ujiji na mwiko mkononi. Mke wa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa amejifungua kabla ya siku zake. Mtoto alibaki hospitali mjini Kigoma, mama yake akabaki naye, nami nikaitwa nije niwaangalie watoto wakubwa. Nilipouliza nipike nini, mdogo wangu akasema, "Dada, pika uji wa mzazi. Tutaunywa sisi."

Tukacheka, ingawa macho yake yalikuwa mekundu. Ngoja nikueleze, rafiki yangu, tulichokuwa tunakicheka.

Yeye mwenyewe alikuja duniani hivyo hivyo, njiti. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Watoto hatukuruhusiwa wodini, kwa hiyo tulikuwa na ndugu wa kusimuliwa tu. Mama alikaa naye huko, akimkamulia maziwa. Baba alikuwa fundi wa injini za mitumbwi pale mwaloni wanaposhushia samaki, na akitoka kazini alipanda baiskeli kwenda kuwaona. Nyumba ilibaki mikononi mwa bibi, mama yake baba, aliyetutawala akiwa ameketi mkekani kwa sababu miguu ilikuwa inamsumbua.

Kwetu mwanamke akijifungua, majirani huja. Huyu na uji wa pilipili manga, yule na supu ya kuku, mwingine kumkanda mzazi kwa maji ya moto. Basi walikuja, na mzazi hayupo. Ungedhani bibi angewaambia warudi na vyungu vyao. Wapi! "Nyumba ya mzazi haipoi jiko," alisema, akaagiza kitanda cha mama kitandikwe, maji yachemshwe na uji ubandikwe kila asubuhi. Sehemu ya chakula ilikwenda hospitali nyuma ya baiskeli ya baba, ndani ya hotipoti iliyofungwa kwa mpira. Kilichobaki kilikuwa halali yetu. Hata maji ya kukanda hayakumwagwa: alikandwa mdogo wangu mwingine, wa miaka mitatu, nikakandwa na mimi, migongo ikawaka. Mwalimu aliniuliza siku hizi tunakula nini nyumbani, mbona mashavu yamejaa hivyo. Nikamjibu kwa heshima zote, "Mama amejifungua, mwalimu."

Kati ya majirani hao alikuwepo mwanamke mmoja aliyetokea Kagunga, kule karibu na mpaka wa Burundi. Alikuwa akianika dagaa mchangani, nyuma ya nyumba yetu. Ndiye aliyenifundisha kuwatandaza wasilaliane, na kuyapika mawese mpaka yaishe ubichi kabla sijatia samaki wa migebuka. Kila asubuhi aliingia uani na salamu yake ya "Amahoro", kisha akamuuliza bibi, "Nizitoe leo?" Alimaanisha impundu, vigelegele vya kwao vya kumpokea mtoto.

"Subiri," bibi alimjibu. "Mgeni avuke kwanza kizingiti."

"Haya, nimezimeza tena. Siku moja zitanikaba."

Habari za mtoto hakuna aliyetuambia, lakini mimi nilikuwa na njia yangu. Baba akirudi jioni, nilikimbilia hotipoti na kuinua kifuniko. Ikiwa tupu, mama amekula, na mama akila basi mtoto hajambo. Nilijifunza kusoma makombo kabla sijajua kusoma vizuri kitabu.

Jioni moja ikarudi imejaa. Ugali wa muhogo haujamegwa, samaki mzima, mawese yameganda juu. Baba alikaa kizingitini akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto anapumua kwa shida, na mama hataki hata maji. Bibi alifunika hotipoti. Mimi nilikitazama kile kitanda kilichotandikwa nikaogopa. Niliona kwamba kinaweza kubaki vile vile.

Jirani wa Kagunga hakutupa pole. Asubuhi yake aliwaacha dagaa wake mchangani, akapanda nyuma ya baiskeli ya baba, hotipoti mapajani. Mchana wingu zito likaja kutoka upande wa Kongo, na wanawake wa mtaa wakatoka kila mmoja na beseni lake, wakawaokoa dagaa wale bila kuitwa na mtu. Nami nilikuwa humo, nazoa kwa mikono miwili.

Aliporudi, bibi alinyoosha mkono apewe hotipoti. Ilikuwa tupu. Akaigeuza juu chini, kama haamini.

"Kala?"

"Kala. Nimemlisha kwa mkono wangu. Nimemwambia, yule aliyemo kwenye mashine ya joto anakula kupitia kwako, usimnyime."

Bibi akasema Alhamdulillahi, akalia mbele yetu kwa mara ya kwanza.

Siku mama aliporudi alikuwa amekonda, nasi tumenona. Alituangalia mmoja mmoja akauliza, "Kwani hapa kazaa nani?" Kisha akavuka kizingiti na kifurushi chake, na jirani akaziachia impundu zote alizokuwa amezimeza. Kuku walitawanyika.

Bibi hayupo tena, wala jirani yule. Ziwa limepanda likaumeza mchanga wa kuanikia dagaa, na penye nyua zilizokuwa wazi sasa pana kuta na mageti. Nawajua majirani wa leo kwa sauti za milango yao tu. Lakini siwezi kulalamika, maana nililelewa na mtaa mzima, na kitinda mimba wetu yu hai.

Juzi aliwaleta mkewe na mtoto. Akashuka garini na kifurushi kifuani, akafika mlangoni akasimama. Hakuingia. Alinitazama tu, na mimi nikaelewa anachongoja. Sijawahi kuwa na koo la vigelegele. Nilijaribu, sauti ikakwama, nikajaribu tena ikatoka imepasuka. Nikaanza kuona aibu.

Ndipo nyuma ya ukuta mrefu wa jirani nisiyemjua, mwanamke akaipokea sauti yangu kwa kigelegele kikali, kirefu, kisha mwingine nyumba ya pili. Mdogo wangu akavuka kizingiti.