Programu ni ya Wote, Jina Lake Wanataka Nilifute

(Aliyeandika tunamfahamu. Jina lake tumelihifadhi kama alivyoomba, na majina mengine kayabadilisha mwenyewe.)

Wasomaji wenzangu, mimi si mtu wa kulia ovyo, lakini karatasi hii naiandika machozi yananilenga. Nina miaka thelathini na mmoja, mwalimu wa hesabu hapa Kasulu, nina mke na watoto wawili. Maji yamenifika shingoni.

Chanzo ni mama yangu mzazi. Ni Muha wa Muyama, Kiswahili chake ni cha salamu na sokoni tu. Mwaka juzi alikwenda hospitali anaumwa kifua. Muuguzi alikuwa mgeni kutoka Pwani, Kiha hajui hata neno. Mama alijieleza mpaka akachoka, akarudi nyumbani na dawa za tumbo. Nusura tumzike. Nikawa najiuliza ni wangapi wanaorudishwa hivyo, Waha na hawa wakimbizi wa Burundi, maana Kiha na Kirundi ni watoto wa tumbo moja.

Likizo iliyofuata nilipata nafasi ya kusomea kompyuta Dar es Salaam, wiki chache tu. Mkufunzi alitusimulia kuwa kuna watu duniani wanaandika programu kwa pamoja na hawazifungi. Unaichukua bure, unaifungua, unaona ilivyotengenezwa ndani, ukikuta kasoro unarekebisha na kumpa mwenzako. Sharti ni kwamba jina la aliyefanya kazi halifutwi. Nilipanda treni ya kurudi Kigoma nikiwa nimeshapata wazo: programu ambayo muuguzi anachagua swali kwa Kiswahili, na kioo kinamwonyesha namna ya kumsomea mgonjwa kwa lugha yake.

Sikuandika hata mstari mmoja. Ujuzi huo sikuwa nao. Nilianza na watu. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Sisi wajenzi tulijaa, miti ndiyo haikuwepo. Tulinunua mbeleko mimba haijatunga: tukawa na mwenyekiti (mimi), katibu, mweka hazina, muhuri na katiba, lile sharti la jina likiwa ndani yake. Kompyuta hatuna, basi tukachora vitufe vya herufi kwenye maboksi, watu wazima wakajifunza kuchapa kwa kugonga boksi. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Tukabishana Jumapili baada ya Jumapili kama maswali yaanze kwa Kiha au kwa Kirundi, ya programu ambayo haipo! Lakini watu walikuja. Wakulima, wakunga, wenyeji na wakimbizi kwenye benchi moja, wakileta majina ya magonjwa na kukosoana. Nilijivunia sana.

Siku moja alikuja dada mmoja wa Kirundi, nitamwita Goreti, mwalimu wa shule ya kambini. Kwao alisomea kompyuta kabla ya vita. Alikaa nyuma akasikiliza mabishano yetu, mwisho akanyoosha mkono.

"Mwalimu, munisamehe. Hiyo programu yenyewe, ni nani anayeiandika?"

Watu wote wakanitazama. Nikamjibu, "Wewe." Akacheka, akidhani natania.

Kaiandika. Parokia ilimruhusu kutumia kompyuta yao, akawa anaomba kibali cha kutoka kambini kila mara. Ilipokuwa tayari nilimleta mama yangu, na yule yule muuguzi wa Pwani. Muuguzi akachagua swali, akasoma kwa kujikwaa: "Urababara hehe?" Yaani, unaumwa wapi. Mama akaangua kicheko kwa lafudhi ile, kisha akaweka mkono kifuani. Nilitoka nje, sikuweza kujizuia.

Ukiifungua programu ile, cha kwanza kuonekana ni jina la Goreti, kama katiba yetu inavyotaka. Hospitali imeipenda na mwisho wa mwezi ujao wanaipokea rasmi, mbele ya wakubwa wa wilaya. Hapo ndipo kamati iliponiita. Katibu wetu, bwana afya mstaafu, ndiye aliyesema.

"Mwalimu, tusifichane. Wakubwa wakiona jina la mkimbizi hapo mbele, hii kitu wanaitupa. Watatuuliza, ninyi wenyeji mlikuwa wapi?"

Nikamkumbusha katiba. Akasema, "Katiba tuliandika sisi, tutaibadilisha sisi." Wakapiga kura, wakanishinda. Watu wale niliwakusanya kwa mikono yangu, wasomaji.

Nilikwenda kambini kumweleza Goreti. Heri angenitukana.

"Programu waichukue," alisema. "Nilisema ni ya wote, ni ya wote. Waigawe, waibadilishe, sina neno. Lakini mwalimu, nyumba yetu ilichomwa, vyeti vyangu viliungulia humo. Leo, nje ya programu hii, jina langu limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye kadi ya chakula. Ndagusavye, nakuomba, humo kwenye programu musinifute."



Katika kamati nzima hakuna anayejua kuingia ndani ya programu ila mimi. Aliyenifundisha ni Goreti. Nikigoma, katibu kaapa hatapiga muhuri na hospitali haitaipata, na kina mama kama wangu wataendelea kupewa dawa za tumbo. Nikilifuta, nitamwangaliaje? Silali, simalizi sahani ya chakula, darasani nakosea hesabu za kidato cha kwanza.

Na kuna jambo sijamwambia Goreti, wala mke wangu. Kamati haitaki pale mbele pabaki patupu. Wamependekeza liandikwe jina langu. Mimi, mwenyekiti niliyeleta sharti lile kutoka Dar, sikukataa. Niliwaambia nitafikiria, na kusema kweli nimekuwa nikifikiria.

Ninyi mnaonisoma kwa mbali, mnipe shauri kabla mwezi ujao haujaisha. Nifanye nini?