Mkia wa Jina la Kimongolia

Hakuna kitu ambacho kingeweza kunishinda mimi; hilo nililisema popote, hata kanisani baada ya ibada. Niliacha shule darasa la tano huko Kivu, nikafika Stockholm na begi moja, nikasafisha ofisi za Kista miaka sita. Leo nina karakana yangu Norsborg, pembeni mwa jiji, nachonga majina kwenye mawe ya makaburi. Kiarabu nimechonga, Kitigrinya nimechonga, Kichina pia, na sijui kusoma hata kimoja.

Safari hii mteja alikuwa injinia Mmongolia ambaye zamani nilikuwa nikimfagilia ofisi. Alikuwa amefiwa na mke. Mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka kwao, na Jumapili angerudi. Bibi alitaka kabla ya ndege alione jina la binti yake juu ya jiwe, kwa yale maandishi yao ya kale yanayoshuka kutoka juu kwenda chini. Maandishi mengine bibi hajui kusoma.

"Nikutumie picha ya jina," injinia akasema, kwa Kiswidi chetu cha wageni. "Ni salama zaidi."

"Picha ya nini? Nitumie maandishi. Mashine yangu inakula kila kitu."

Mke wangu alikuwa mezani akikata plastiki za kunata, zile tunazobandika juu ya jiwe kabla ya kuchonga. "Baba watoto, Kimongolia umesoma lini?"

"Hata Kiswidi sikusoma, na Waswidi wananilipa."

"Haya, bwana mkubwa."

Nikalibandika jina kwenye kompyuta, nikaligeuza lisimame. Likatoka zuri, limenyooka kama uti wa mgongo. Ila karibu na mwisho palikuwa na mwanya mdogo, na chini yake kimkia kimejitenga. Wateja huniletea faili zenye nafasi za ovyo kila siku, na kuzifuta ndiyo kazi yangu ya kwanza. Nikafuta. Mkia ukapanda, ukajiunga na mwili, ukabadilika hata umbo. Nikamwambia mke wangu, unaona? Hata herufi zilikuwa zinamngoja fundi.

Sikumtumia mtu nakala aikague. Ijumaa nikalichonga jiwe kwa kulipulizia mchanga, Jumamosi tukalisimika.

Bibi aliweka kidole juu ya jina akashuka nalo polepole. Chini kidole kikasimama. Akarudi juu, akashuka tena. Kisha akamgeukia mkwewe akasema maneno machache.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza huyu aliyezikwa hapa ni nani."

Injinia hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alinieleza pale pale, taratibu, kama mtu anayefundisha mtoto. Ndani ya kompyuta, herufi yao moja ina namba moja tu, iwe mwanzo wa neno, katikati au mwisho. Namba haina umbo. Kompyuta huwatazama majirani wa herufi, ndipo ikachagua namna ya kuichora. Na pale ambapo majirani hawatoshi, mwandishi huweka alama isiyo na wino, nayo ina namba yake kama herufi nyingine. Hiyo ndiyo huiambia kompyuta iache mwanya, mkia usimame peke yake.

"Haikuwa nafasi tupu," akasema. "Ilikuwa sehemu ya jina lake."

Jiwe halifutiki. Jipya lilihitaji wiki tatu, na ndege ilikuwa kesho yake asubuhi. Nilijaribu kusema kitu kuhusu kujazia mchongo, kuhusu rangi. Akaniambia, "Acha." Bibi alivua kitambaa chake cha shingoni akalifunika jina, akasali akiwa ameligeuzia jiwe mgongo.

Jiwe la pili nililichonga kwa picha, sikugusa hata nukta. Halafu nikanunua tiketi ya bibi, kwenda na kurudi, kabla ya kumuuliza mtu. Ndivyo nilivyo. Jibu lilikuja kwa simu ya injinia: mama anashukuru, lakini hana nguvu ya kufika hapo mara ya pili.

Pesa ya tiketi haikurudishwa. Pamoja na jiwe la pili na kulisimika, hasara yangu ilikuwa krona elfu thelathini na moja, mia nne sabini na tano.